Bangili Haikuwaka

Siku hizi hakuna anayejitolea bila bangili. Ukishika kazi ya kumsaidia mtu, inausoma moyo wako na kuwaka: kijani kwa huruma, njano kwa kutaka sifa, nyekundu kwa kuogopa kusemwa.

Kwenye msiba wa jirani yetu, Mzee Shekue, tulikaa uani tukimenya vitunguu. Bi Mwanahawa, msimamizi wa jiko, alipita akitazama mikono yetu. Wa kijani aliwapa kupika wali, wa njano na wa nyekundu akawapeleka kwenye masufuria machafu. Hakuna aliyenung'unika; tumeshazoea. Bangili yangu haikuwaka.

“Itikise, Siwatu,” aliniambia.

Nikaitikisa.

“Basi nenda kapumzike, mwanangu. Asiye na sababu haruhusiwi kugusa chakula cha msiba.”

Sikuona aibu. Sikuona chochote. Nilinawa, nikawapa pole wafiwa, nikaondoka na harufu ya vitunguu vidoleni.

Nyumbani mama alikuwa akinisubiri nimgeuze. Tangu apooze upande mmoja, mimi ndiye ninayemlisha na kumwogesha, na kila nikimgeuza huwa natazama dirishani. Leo niliitazama bangili, pale karibu na uso wake.

“Imeharibika,” nikamwambia. “Kesho nitaipeleka kwa fundi.”

Mama alivuta upindo wa khanga kwa mkono wake mzima, akaifunika.

“Nigeuze tu, mwanangu,” akasema. “Humu ndani haijawahi kuwaka.”