Tawi la Wakala wa Nne

"Mbona unafutafuta unachoandika, dada?" Luisa aliuliza.

"Si baridi hii ya Mbinga," Kunigunda alijibu, akaigeuzia kompyuta upande wake.

Luisa alikuwa ametoka Liuli, kule ziwani. Mwanawe Florian alipotea mnadani miaka minane iliyopita, akiwa na miaka miwili, ana kovu la moto chini ya sikio, na tangu siku hiyo mama wa watu hajaacha kumtafuta. Wanawake wa jumuiya ndio waliomleta kwa Kunigunda, fundi wa kompyuta, wakammwagia sifa mpaka mlangoni. Angekataaje?

Basi akawatuma mawakala wanne wa akili unde, programu zinazojifanyia kazi zenyewe, watafute kwa pamoja: mmoja habari za waliozama, mmoja za hospitali, mmoja matangazo ya makanisa, mmoja picha za watoto mitandaoni. Kila mmoja alipewa tawi lake kwenye Git, mfumo wa kutunza matoleo ya kazi, asije akavuruga kazi ya mwenzake. Alichokileta, Kunigunda alikikagua kwanza ndipo akiunganishe kwenye shina, yaani kazi kuu. Asipokiunganisha, hakihesabiki.

Watatu walirudi mikono mitupu.

"Afadhali ziwa halijamchukua," Luisa alinong'ona.

Ndipo wakala wa nne akaandika: "Picha ya komunyo ya kwanza, Kigonsera. Mvulana mwenye kovu chini ya sikio. Anaitwa Dastan. Sura inalingana sana na picha ya Florian. Sasa namtafuta anayemlea."

Kunigunda alilisoma jina mara mbili. Lo, mashine hizi! Hazichoki, wala hazina huruma. Wakala wa pili alikuwa ameshaanza kulisoma tawi la mwenzake ili naye afuate njia hiyohiyo.

"Kuna kitu?" Luisa aliinuka kitini.

"Kaa, dada. Kaa kwanza."

Kunigunda alirudi kwenye kibodi. Alikosea amri, akaiandika upya. Akawasimamisha mawakala wote, kisha akalifuta tawi la nne. Shina likabaki tupu kama lilivyokuwa.

"Hakuna," alisema bila kumtazama. "Pole sana, Mama Florian."

Luisa alilia, akajifuta kwa ncha ya kitenge. Alipotulia aliinuka, akaushika mkono wa fundi wake kwa mikono yake yote miwili.

"Usilie na wewe, jamani. Umejitahidi. Mungu akutunzie huyo wako, Mama Dastan."