Fundi wa Kung'oa Vichaka

Kichaka cha tisa kilitoka kama jino bovu. Bibi alikishika shinani, akavuta mara moja, mizizi yote ikamfuata. Akakitupa juu ya lundo lake, akajipangusa paji la uso ambalo halikuwa na jasho lolote, kisha akatazama huku na huku kuona kama kuna aliyemwona.

Alikuwa na miaka sitini na tisa. Wenzake kumi na wawili waliojitolea kuusafisha msitu ule wa umma hawakuzidi miaka ishirini na mitatu. Kazi ilikuwa kung'oa vichaka vya miiba vilivyoletwa zamani kuwa ua wa mashamba, vikatoroka, vikaziba chemchemi na kusonga miche ya miti ya asili. Kila mtu alipewa ukanda wake uliozungushiwa kamba, na kila mtu alidaiwa vichaka ishirini kwa siku.

Msimamizi hakumtaka. "Bibi, hapa si bustanini," alimwambia siku ya kwanza. Bibi akamjibu kwamba amezaa watoto sita na hakuna hata mmoja ambaye yeye aliomba mtu amsaidie kumsukuma. Maneno hayo hayakuhusiana na vichaka, hata yeye aliligundua hilo alipofika nyumbani, lakini msimamizi aliona haya akampa majaribio ya wiki mbili.

"Mama," binti yake alimwambia jioni hiyo, "si wewe unayeniita nikufungulie chupa ya mafuta?"

Siku mbili za mwanzo aling'oa vichaka vinne, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa kimekwisha kukauka. Siku ya tatu nguvu zikaja. Bibi alieleza kuwa mwili wake ulikuwa umelala tu, sasa umekumbuka ujana. Sululu hakuigusa. Sululu, alisema, ni ya watu wasiojua kuvuta.

Ukanda wa jirani ulikuwa wa msichana wa miaka kumi na tisa, mwembamba hata wenzake wakamwita Kimbaumbau.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona sululu yako ina udongo asubuhi yote hii? Jana hukuiosha?"

"Nilisahau, Bibi."

"Na juzi?"

"Juzi pia."

Bibi alimhurumia. Alijua wasichana wa siku hizi hawafundishwi.

Wakati wa mapumziko alianza kutoa masomo. "Msikivute kwa hasira," aliwaambia vijana, mkono mmoja kiunoni. "Kisemesheni kwanza. Kikishawazoea, kinakuja chenyewe." Vijana walimsikiliza kwa adabu kubwa. Mmoja alipaliwa, akaenda kukohoa nyuma ya mti, na Bibi akamshauri ajihadhari na vumbi. Kimbaumbau hakusikia somo lolote. Alikuwa amelala ameketi, kikombe cha chai mkononi.

Hapo ndipo Bibi alipoanza kukosa raha. Mwisho wa mwezi, majina ya waliobaki kwenye kazi ya kung'oa yangepelekwa ofisini ili waitwe mafunzo ya ulinzi wa msitu. Kimbaumbau hakuwa na hamu nyingine duniani. Alimweleza Bibi kwamba tangu utotoni walinzi wakipita nyumbani kwao yeye hutoka mbio kuwahesabu, na siku moja mmoja alimvisha kofia yake mpaka wakafika kwenye kona. Lakini kufikia saa sita mchana mikono yake huwa imekwisha. Leo vichaka kumi, kesho kumi na kimoja.

Bibi alijaribu kumtupia viwili vitatu kwenye lundo lake. Msichana akavirudisha.

"Hivi ni vyako, Bibi. Nimeona ukivitupa."

"Vimeruka vyenyewe."

"Basi vinarudi vyenyewe."

Jumamosi msimamizi alikuja na daftari. Bibi, ishirini na kimoja, majaribio amepita. Kimbaumbau, kumi na viwili, na hii ni wiki ya pili. Aliyeshindwa wiki mbili huambiwa arudi nyumbani.

Bibi alimvuta msimamizi kando. "Mwanangu, usimfukuze. Yule mtoto hana mwili wa kazi hii, mimi niko naye kila siku, naona. Mpeleke kitaluni akajaze udongo kwenye viriba vya miche. Kazi nyepesi."

"Akienda kitaluni, jina lake nalitoa kwenye orodha. Inaondoka Jumatatu."

Bibi alifikiri kidogo. "Afadhali hivyo kuliko aibu ya kufukuzwa," alisema.

Kimbaumbau alipoambiwa, hakulia. Aliuliza swali moja tu. "Bibi, ukanda wangu atapewa nani?"

"Mimi. Usinihofie, nitafanya zote mbili."

"Zote mbili?"

"Kwani ninachoka?"

Msichana akaenda kurudisha sululu stoo. Bibi alilala vizuri usiku huo, kama mtu aliyetenda wema.

Jumatatu asubuhi aliwaita vijana waje wamtazame, maana sasa alikuwa na kanda mbili na wao walikuwa na mengi ya kujifunza. Alikisemesha kichaka cha kwanza. Akakishika shinani, akavuta. Akavuta tena kwa mikono miwili, kisha kwa mikono miwili na mgongo, na hapo akajikuta ameketi chini bila kukusudia. Kichaka hakikutikisa hata jani.

Hakuna aliyecheka. Wawili wakamwinua, wakamkung'utia majani, na mmoja wao akasema taratibu, "Tupe nusu saa, Bibi, tukulegezee mizizi. Kimbaumbau alikuwa anaanza saa kumi na moja alfajiri."

Bibi akauliza kama orodha imekwisha kwenda ofisini.