Daka, Usipangue

Kwenye begi kilikuwa bado kinaning'inia kibandiko cha ndege, na kitu cha kwanza mzee alichokitoa ndani yake kilikuwa glavu za kudakia mpira.

Wachezaji walicheka. Walikuwa vijana wa Dar na Unguja, wanunuzi wa bidhaa hapo Guangzhou, na Jumamosi hiyo walifika kwenye kiwanja cha vumbi karibu na bandari ya Huangpu kucheza na Wakenya. Kipa wao, Dullah, alikuwa kalala hotelini anaumwa tumbo. Bila kipa hapakuwa na mechi, na mzee huyo wasiyemjua alikuwa amejitolea kudaka.

"Mzee, hizo glavu umerithi kwa Nabii Nuhu?" aliuliza Ghalib, kapteni.

Ghalib alikuwa mtu wa sauti kubwa. Siku moja aliwahi kuwanunulia wenzake wali, na tangu hapo hawakuachiwa kusahau. Alipenda aitwe laoban, kama Wachina wanavyomwita bosi.

"Nimedaka miaka ishirini na mbili, mwanangu," alijibu mzee. "Niiteni Ulimbo, ndilo jina nililolipata golini. Nijaribuni, tuone kama tunafaana."

"Ulimbo wenyewe umeshakauka! Sasa sikiliza. Ukifungwa hata moja, jezi zote kumi na moja utafua wewe. Na udake, usipangue. Kipa wa kupangua hana mikono."

"Ninachokitaka hudaka," alisema mzee. "Nisichokitaka hupangua."

Akachomeka suruali yake ya tetroni ndani ya soksi, akasema bismillahi, akasimama golini. Magoti yalilia mpaka watu wakasikia.

"Aki mmetuletea guka, babu mzima!" alipiga kelele Njuguna, mshambuliaji wa Wakenya. "Akivunjika, msituitie polisi!"

Akapiga shuti la kwanza. Mzee hakuruka. Alisogea hatua mbili tu, mpira ukanata kifuani. La pili akalilalia. La tatu lilikuwa la kichwa, akalitoa hewani kwa mkono mmoja kama mtu anayechuma limau.

Ghalib akapaza sauti. "Bahati hiyo! Babu, usije ukazimia, sisi tumekuja kusafirisha mizigo, si maiti."

Wakati wa mapumziko walikaa kwenye kivuli cha kontena. Zubeir, beki wa kushoto, alimpisha mzee kwenye boksi alilokalia, akampa chupa ya maji anywe kwanza. Kisha akamgeukia kapteni.

"Ile posa yako ya Tanga vipi? Hawajajibu?"

"Watajibu nini zaidi ya ndiyo?" Ghalib akatema maji. "Dalila baba yake alishakufa, baba mkubwa ndiye anayemwoza. Kaniletea faksi ya mstari mmoja: jibu litakuja kwa mkono. Mshamba yule! Sijamwona na sina haja ya kumwona. Barua na pete alimpelekea shangazi yangu. Nimemwandikia mimi mfanyabiashara, kapteni wa timu, mtu wa sala tano. Asome, afurahi."

"Ukishamuoa utamleta huku?"

"Huku afanye nini? Mama yangu hajiwezi, anataka mtu wa kumwogesha. Dalila atakaa naye. Mimi nina Guangzhou yangu." Akakonyeza jicho. "Faida ya kuoa yatima ni hiyo. Hana wa kuja kukuuliza."

Wengine walicheka. Zubeir alitazama chini. Mzee alikuwa akifunga kamba ya kiatu, na kamba hiyo ilimchukua muda mrefu.

"Alasiri imeingia," alisema alipoinuka. "Mnasali hapa hapa?"

"Mpira hausubiri sala, Ulimbo. Rudi golini."

Mzee alitandika gazeti nyuma ya goli, akasali rakaa mbili za msafiri. Wakenya walimsubiri. Aliyenung'unika ni Ghalib.

Kipindi cha pili Ghalib alifunga bao, akazunguka kiwanja kizima akijipiga kifua. Lakini mpira ulipokaribia kwisha, alimkwatua Njuguna mbele ya goli lake mwenyewe. Filimbi ikalia. Penalti.

"Zubeir, umetuharibia!" alifoka Ghalib. "Wallahi ni wewe uliyemgusa!"

Zubeir alikuwa mbali, upande wa pili kabisa. Mzee alikuwa hatua nne tu kutoka hapo, aliona yote. Alimtazama Ghalib kidogo tu, kama mtu aliyesoma bei kisha akaupita mlango wa duka.

Njuguna alipiga chini, kulia, kwa nguvu zote. Vumbi likafunika goli. Lilipotulia, mzee alikuwa amelala ubavu na mpira uko tumboni mwake.

Mechi ikaisha hapo. Wakenya wote walikuja kumshika mkono, na Njuguna akamfuta vumbi mgongoni. Ghalib alikuja wa mwisho, kidevu juu.

"Haya, babu, umepita. Jezi hufui. Uwe unakuja kila Jumamosi, nafasi ni yako. Ila kapteni ni mimi, usijisahau."

"Ahsante. Mimi kesho narudi nyumbani."

"Kesho? Hujanunua hata sindano! Sasa Uchina ulifuata nini?"

Mzee alivua glavu, akazikunja pamoja, akaingiza mkono ndani ya begi. Akatoa bahasha. Ghalib aliujua mwandiko kabla hajaipokea, maana ulikuwa wake. Pete ilikuwa bado imo. Aliisikia ikicheza ndani.

"Leo nimedaka nyingi, mwanangu," alisema mzee. "Hii nimeipangua."