Moto Uliopewa Jina la Elifasi

Kila moto uliozuka hifadhini ulipewa jina la askari aliyewahi kufia hifadhini humo akizima moto. Kiangazi hiki zamu ilimfikia Elifasi.

Siku tatu mama yake hakubanduka redioni. "Elifasi ameruka korongo. Elifasi ameteketeza kambi ya pili. Wakazi wa mteremkoni wajiandae kuhama." Majirani wakafunga virago. Yeye alianua nguo zilizojaa majivu, akazikunja bila kuzikung'uta.

Siku ya nne jirani yake, Aisa, akaja mbio, uso umemchangamka.

"Mama Elifasi, tumepona. Wamemzima kabisa, hata moshi hakuna."

"Tumshukuru Mungu," akaitikia. Kisha akatoka uani, akasimama kuutazama mlima, akitafuta japo moshi kidogo.