Gauni la Pasaka

Mvua za masika hazikukatika Jumamosi ile, na kesho yake ilikuwa Pasaka. Bibi Nakijwa alikuwa amemaliza kumshonea mjukuu wake gauni, kama alivyofanya kila mwaka, akalikunja vizuri kisha akajilaza. Mlio wa cherehani ndio uliomwamsha.

Alijikongoja mpaka sebuleni. Mke wa mwanawe, Eliwaza, alikuwa ameifumua mikono yote miwili ya gauni lile na sasa anaishona upya.

"Kuna nini, mwanangu?"

Eliwaza alishtuka. "Mama, mkono mmoja uliushona nje ndani. Hata mwaka jana ilikuwa hivyo. Sikutaka ujue."

Bibi Nakijwa alilichukua gauni, akaenda nalo dirishani, akalisogeza usoni mpaka likamgusa pua. Aliona wekundu wake tu. Mshono hakuuona.

"Mwaka jana tu?"

"Na mwaka juzi, mama."

Alilirudisha. "Haya, malizia. Mtoto asikose cha kuvaa."

Kisha akavuta kigoda, akaketi kando ya cherehani, akaushika upindo usiburute sakafuni, akawa anauachia kidogo kidogo kila sindano ilipouvuta.