Dumu Lenye Kitambaa Chekundu

Kinu kilitoka kwanza, mchi wake ukafuata. Halafu ungo, mbuzi ya kukunia nazi, magunia matupu, na kiti cha marehemu baba mkwe, Yohana, kilichokatika mguu. Vyote hivyo Sabina alivipanga uani, kwenye jua la Ufukoni, akajifuta jasho kwa furaha.

"Nyumba inapumua sasa, mama. Huoni?"

Bibi Yustina aliona. Macho ndiyo yaliyobaki mazima. Kiharusi kilimuua upande wa kulia, kikamchukulia na maneno yote, kikamwachia moja tu, lile alilozoea kulitamka tangu komunyo ya kwanza.

"Yesu," alisema.

"Amina," Sabina akaitikia.

Alikuwa mkwe mwema, huwezi kumsingizia. Mtumishi wa serikali, mtu wa Njombe, alimwogesha mama mkwe kwa mikono yake wala hakuwahi kukunja uso. Ila nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na majirani wa kijijini Mahurunga walipomleta mgonjwa walipakia kila alichokuwa nacho, hadi mafiga. Majuzi kule jumuiya wakafundishwa kuishi na vichache, kinachozidi kimfae mwingine. Sabina alirudi moto umemkolea.

Bibi hakulilia kinu. Hakulilia hata kile kiti. Aliviaga kimoja kimoja kwa macho, mpaka lilipotoka dumu la njano.

Lilikuwa limezibwa kwa gunzi, na kwenye mshikio limefungwa kitambaa chekundu. Yohana alilifunga mwenyewe msimu wake wa mwisho, akamwapisha mkewe: hizi ni mbegu, Yustina, ni za shambani. Hata njaa ije ya namna gani, mahindi haya yasiingie chunguni.

Sabina alikifungua kitambaa, akapangusia dirisha, akakiacha hapo hapo. Kisha akachomoa gunzi na kumimina punje kiganjani.

"Mahindi! Ya mwaka gani haya? Na hata mdudu mmoja hamna." Akayapuliza. "Vumbi tu."

Bibi akainua mkono wa kushoto. Rozari ikamponyoka. "Yesu. Yesu! Yesu!"

"Najua, mama. Ni ya baba, lazima yaume. Lakini lile shamba atalima nani?" Sabina alimwokotea rozari, akamzungushia vidoleni. "Baba tutamwombea. Mahindi wayale watu."

Nuru, jirani wa nyuma ya ukuta, aliingia uani mikono kiunoni.

"Shikamoo, bibi. Mama Rebeka, unahama au umefukuzwa?"

"Napunguza vitu. Chagua unachotaka."

"Usiniambie hivyo, nitambeba na Danieli wako."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nuru alikuwa na shughuli: mabinti walikuwa wanatoka unyagoni siku ile, nyumba imejaa, na kande aliyoipanga isingewatosha. Alipoonyeshwa dumu alishukuru kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Yaoshe tu vizuri," Sabina akamwambia.

"Nitayaosha, na maji matatu."

Nuru alipojitwika dumu, bibi alijitupa mbele. Kiti alichokalia kikaanguka naye. Alitambaa kwa upande mmoja wa mwili hadi akashika pindo la kanga ya jirani, akaling'ang'ania.

"Yesu!"

Nuru alisita. Akalishusha dumu chini. "Mama Rebeka, kama bibi hataki, niyaache."

Bibi Yustina alimtazama Nuru machoni, akatikisa kichwa kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Kichwa kilitikisika kama kilivyotikisika kila siku tangu augue, huku na huku, bila maana kwa yeyote.

"Hata shati la mzee lililochanika analilalia," Sabina alisema taratibu, akimfungua vidole kimoja kimoja. "Nikimsikiliza kwa kila kitu, tutalala nje. Chukua, Nuru. Atapoa."

"Yesu," bibi alisema, machozi yakimtoka.

"Umeona? Anakubariki."

Mchana mzima moshi ulipanda nyuma ya ukuta. Bibi alikaa akiutazama, vidole vikienda kwenye punje za rozari. Ngoma ikalia, vigelegele vikafuata. Jioni Nuru akaleta bakuli lililofunikwa kwa kawa.

"Fungu la bibi hili. Kande ya nazi. Wengine wameshakula, wanalamba vidole."

Sabina alikuwa amekwisha kuonja jikoni. Alichota kijiko, akakipeleka mdomoni kwa mama mkwe. Bibi akabana meno. Kijiko kiliporudi mara ya pili, alilipiga bakuli kwa mkono wa kushoto, kande ikatapakaa sakafuni.

"Mama!" Sabina aliinama kuliokota bakuli. "Chakula cha watu, mama? Kwa sababu ya dumu tu?"

Danieli aliingia wakati huo, katoka bandarini, viatu vimejaa matope. Alitafuta cha kuvipangusia, akakiokota kitambaa dirishani. Akainama. Akasimama tena, kitambaa mkononi.

"Sabina, hiki kimetoka wapi? Baba alikuwa anakifunga kwenye mbegu alizochanganya na sumu ya mchwa."

"Yesu," akasema bibi. Sabina hakuitikia amina. Alikuwa ameugeukia ukuta wa Nuru, ambako mabinti walikuwa wanagombania ukoko.