Digidigi Achagua Pikipiki

Digidigi mmoja, mfupi wa miguu lakini mwepesi wa macho, aliingia dukani kwa Mama Kanga kununua pikipiki ya mbio. Zilibaki mbili: moja ya cc mia sita, na nyingine ya cc elfu moja, nene kama nyati. Alipoigusa ile ya mia sita, jirani yake Ngiri, mpenda sifa, akaguna.

"Hiyo ni ya kwendea sokoni, mdogo wangu. Mimi ninayo ya elfu moja. Nikivuta mafuta, miti yenyewe hunipisha!"

Digidigi akapanda ile kubwa. Miguu ikaning'inia hewani. Aliogopa, ila kwa kuona haya mbele ya wateja, nusura aseme, "Naichukua." Ndipo alipoona miguu ya Ngiri imejaa vumbi, kama ya mtu aliyekuja akitembea.

"Kaka, leo umekuja na yako?"

"Iko nyumbani, inapumzika."

"Na jana?"

"Jana pia."

Mama Kanga akacheka hadi manyoya yakamsimama. "Ameitoa mara moja tu, ikamtupa matopeni mbele ya wakwe zake!"

Digidigi akashuka upesi, akanunua ya mia sita. Alipokuwa akiiwasha, Ngiri akamsogelea na kunong'ona, "Unapita njia ya kwetu?"

Wakaondoka, Ngiri akiwa nyuma, amemng'ang'ania Digidigi kiunoni, macho ameyafumba, mkia umesimama wima. Barabara nzima ikamsikia akilia, "Polepole, kaka yangu! Polepole!"